Kipande cha Risasi Kilichozuia Mlango

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sauti yangu haina upole. Mtanisamehe, na asiyetaka kunisamehe, shauri yake. Tunamkumbuka dada aliyefariki Jumatatu hospitalini, kwa maradhi ya figo. Anazikwa kesho asubuhi. Wengi mlimjua kwa jina la utani: Kafi. Yule Kafi wa mbio za kayaki.

Kafi hakuwa mwizi. Naanza na hilo, na nitalirudia mpaka mchoke.

Kafi ni kasia fupi la mkono, na jina hilo alipewa na mama yake mzazi. "Ukimtuma dukani anakwenda na kafi begani," mama ameniambia. "Ukimuuliza, anasema akiliacha nyumbani kaka zake watalifanya kuni. Na kweli wangelifanya, wale!" Mama alicheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

Alikua, akaajiriwa duka la vifaa vya ujenzi. Alipima misumari, alikata waya, alipanga mabomba. Lakini alfajiri, kabla duka halijafunguliwa, alikuwa bwawani. Kayaki, kwa msioijua, ni mtumbwi mwembamba wa kukaa mtu mmoja. Ukipiga chafya vibaya, umepinduka. Kafi alipinduka hadi bwawa likamzoea. Mwisho akawa wa kwanza kwetu sisi kuchaguliwa kwenda kwenye yale mashindano makubwa ya kimataifa, yenye riadha, ndondi, kuogelea na michezo mingine yote.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Kayaki nyepesi hukimbia zaidi. Kwa hiyo sheria imeweka uzito wa chini, na boti ikipungua hapo, umeondolewa. Boti ya Kafi ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Basi yeye mwenyewe akafunga nyuma ya kiti kipande cha risasi, ile metali nzito, si ya bunduki. Kilo moja. Akakipaka rangi ya kijani kama boti, akakikaza kwa skrubu mbili, akafunika kwa utepe. Wakapima. Sawasawa kabisa.

Na klabuni kwao kulikuwa na mwiko. Boti ikishafungwa kwa safari, mwenyewe hafungui kitu chochote ndani yake mpaka amalize mbio. Kufungua ni kuita mkosi. Mnaweza kucheka. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa, ila sikucheka kwa muda mrefu.

Uwanja wa ndege, mizigo ya timu ikazidi. Ilizidi kidogo tu. Mkuu wa msafara, simtaji jina, anajijua, alikuwa na sanduku lenye jozi nne za viatu. Angetoa jozi moja tu, mambo yakaisha. Hakutoa. Wachezaji walipokuwa wanakaguliwa pasi zao, yeye alibandua utepe, akafungua skrubu, akaitoa risasi ya Kafi, akarudisha utepe vizuri. Tumelisikia kwa nani? Kwa dereva wa chama cha kayaki, ambaye sasa amestaafu. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kile kipande akirudishe ofisini.

"Nilimuuliza, bosi, hiki si cha boti?" dereva ametuambia. "Akasema, kilo moja si kitu, bwana, wewe endesha gari."

Viatu vikapanda ndege. Risasi ikarudi ofisini kwa gari.

Siku moja kabla ya mbio, mizani ya majaribio ilikuwa wazi kwa kila timu. Kazi ya kupeleka boti ilikuwa ya mkuu wa msafara. Siku hiyo alishinda madukani. Kafi alipomuuliza, alijibiwa: "Nimeipima mwenyewe, mdogo wangu. Iko safi. Kapumzike." Kafi akaamini. Nani asingeamini? Huyo ndiye aliyepewa dhamana ya timu nzima.

Mbio zilikuwa mita mia tano. Kafi alipangwa njia ya pembeni, upepo unampiga ubavuni. Nusu ya kwanza alikuwa wa sita. Halafu akaanza kula mmoja mmoja. Akamaliza wa tatu. Wa tatu, wasikilizaji! Medali ya shaba! Mama yake anasema jirani aligonga ukuta kwa furaha mpaka saa ikaanguka.

Pale boti hutolewa majini moja kwa moja hadi kwenye mizani. Ikawekwa. Imepungua. Ikafutwa, ikawekwa tena. Imepungua. Kafi akavunja mwiko, akabandua utepe kwa meno. Ndani kulikuwa na matundu mawili ya skrubu, basi.

Medali akapewa aliyekuwa wa nne. Na mkuu wetu wa msafara? Alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema: "Mchezaji amefanya mambo yake bila sisi kujua." Kafi akafungiwa asishindane tena. Mwenye viatu akapandishwa cheo.

Kafi akarudi dukani kupima misumari. Mnajua watu walivyo. "Dada, usinipunje kama kule kwenye mashindano!" Wanacheka, wanamgonga bega. Tangu siku hiyo Kafi akawa anamwongezea kila mteja misumari juu ya kilo yake, mpaka mwenye duka akamkataza.

Alikwenda ofisi ya chama kujitetea. Akamkuta mkuu amekaa kwenye kiti kipya, mlango umeachwa wazi hewa iingie. Na mlango ulizuiwa na nini? Na kipande cha risasi cha kijani chenye matundu mawili.

"Hiki ni changu," Kafi alisema.

"Hicho ni cha mlango," alijibiwa. "Mambo yameshapita, mdogo wangu. Ukiyafukua, wafadhili watatukimbia."

Mdogo wake Kafi alimsihi akichukue. Hakutaka. "Nikikutwa nacho wataniita mwizi mara ya pili," alisema. "Nataka wakitoe wao, waseme neno moja hadharani. Basi." Alikuwa anataka neno moja tu. Kila mwaka alikwenda kulidai, na kila mwaka aliipita risasi yake mlangoni, akarudi mikono mitupu. Neno hilo hakulisikia hadi anakata roho. Mimi linaniuma, na nataka liwaume na nyie.

Jana chama kimetoa salamu za rambirambi. Wanamwita shujaa, "licha ya kasoro zilizojitokeza". Kasoro! Na kesho makaburini, atakayesoma salamu hizo ni yeye yule mwenye viatu.

Kwa mama mzazi, kwa ndugu, kwa wenzake wa bwawani: poleni sana. Mungu ampumzishe Kafi. Nasi tuliobaki tujiulize, ni nani tunapita mlangoni kwake kila siku huku tukijua kwamba anaonewa? Kunyamaza nako ni kushiriki.

Mdogo wake yuko hapa studio. Asubuhi alikwenda ofisi ya chama kuchukua barua ya rambirambi. Aliinama mlangoni, akakiokota. "Mlango ukajibamiza nyuma yangu," anasema, "wala hakuna aliyetoka kuuliza."

Sikilizeni. Huo mshindo ni kipande chenyewe, nimekiweka mezani. Rangi ya kijani bado ipo.

Nimemuuliza atakipeleka wapi. Akanijibu bila kupepesa macho: "Makaburini, kaka. Akisimama kusoma, nitamkabidhi mbele ya watu wote, asome akiwa amekibeba. Kitamlemea nini? Si alisema kilo moja si kitu?"