Waselti na Kaburi la Shuaib

Benchi letu liko ubavuni mwa banda langu la kuziba pancha, hapa Garissa, kwenye barabara ya kwenda Modogashe. Ukinunua kahawa ya tangawizi kwa Rukiyo, una haki ya kukaa na kubisha mpaka jua likufukuze. Wakati huo kupigwa msasa kulikuwa bado kupo: kijana wa huku hapati kitambulisho mpaka akae mbele ya maafisa na wazee, aulizwe kwao ni wapi. Asubuhi hiyo Ikran, binti ya mwenzetu Abdihafid, alikuwa ndani kwa maafisa hao. Chuo cha uuguzi kilishamwita, ila bila kitambulisho hawamwandikishi. Babake alishika kikombe tu, hanywi. Tukatafuta la kumsahaulisha.

Aliyelileta ni Billow, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Amesikia kipindi kuhusu Waselti, watu wa kale ambao watu wa Ayalandi na Uskoti wanajihesabu kizazi chao. Kumbe wasomi wenyewe bado wanagombana walitoka wapi. Kuna wanaosema milima ya Austria, penye machimbo ya chumvi. Kuna wanaosema hapana, ni pwani ya magharibi. Wengine wao walihama na wake zao na mifugo mpaka Uturuki.

— Wakafika, wakafanywa nini? nikamuuliza.

— Wakakaa.

— Nani aliwapiga msasa?

Redio akajifanya anapuliza kahawa.

Mzee Mowlid, jina la benchi Hina kwa ajili ya ndevu zake nyekundu, akasema kama ni chumvi, hao ni wafugaji, maana mkulima ana shida gani na chumvi? Redio akakubali: walikuwa na koo, waliibiana ng'ombe, na huko Ayalandi mtu akiuawa ukoo wake ulilipwa mifugo.

— Hiyo ni diya, wallahi, Hina akasema. Hao ni sisi.

— Na nywele zao nyekundu, mzee? Redio akauliza.

Hina akajishika ndevu.

— Na hii ni nini?

Basi ikawa hivyo. Mselti ni mtu wa Garissa aliyefuata malisho akapotea, na hina ikamwingia mpaka kwenye damu. Redio akaongeza kwamba waliondoka na ngamia, baridi ikawaua wote, ndiyo maana Ayalandi leo hawana hata mmoja. Hina akasema basi tuwadai ng'ombe wetu.

Wenzangu walicheka. Mimi nilikasirika, na nikikasirika sifichi. Nikawakumbusha yule mzungu wa nywele nyekundu, wa shirika la misaada kule kambi ya wakimbizi ya Dagahaley. Kila akiulizwa kwao, anasema damu yake ni ya Kiselti na hakuna ajuaye ilikotoka. Watu wanamwona ana hadithi tamu. Akisema hivyo mtoto wetu, anaambiwa arudi alikotoka.

— Ikran hawezi kushindwa, Abdihafid akasema, mara ya kwanza kufungua mdomo. Anawajua mababu zake wote.

Kweli. Alifundishwa kwenye benchi hili hili, tangu hajaota meno ya pili: jina la kila babu na mahali alipozikwa. Akiruka mmoja, Hina alimrudisha mwanzo.

Akatokea mwenyewe, vumbi mpaka kwenye shungi. Hakukaa. Alisema wenzake waliulizwa jina la babu wakataja moja, wakanyamaza, wakapita. Yeye aliulizwa hilo hilo, akaanza kupanda ukoo kama tulivyomfundisha, kila jina na kaburi lake. Alipofika kwa Shuaib, babu wa babu yake, akasema alizikwa mbele ya Hulugho, mwendo wa asubuhi moja, kwa sababu mwaka ule mvua ilinyesha huko.

Mbele ya Hulugho ni Somalia. Afisa akaweka kalamu chini, akamwambia yeye si wa hapa.

— Mzee Nunow hakuwepo kati ya wazee? Abdihafid akauliza. Huyo ni binamu yetu. Shuaib ni babu wa babu yake pia.

— Alikuwepo, aabo. Alikuwa anaangalia fimbo yake.

Hina akatema mate pembeni. Redio, kwa mara ya kwanza nimjue, alizimika.

Ikran akasema wamemwambia arudi kesho, aulizwe mara moja ya mwisho. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana mtaa mzima kwamba siuzi kiraka nikakiita tairi jipya.

— Adeer, nikifika kwa Shuaib, niseme alizikwa wapi?

Sisi tuliokuwa tumewafikisha Waselti Uturuki na kuwazika ngamia wao kwenye theluji tulitazamana. Rukiyo alitikisa birika, likatoa sauti ya utupu, na Ikran alikuwa bado ananiangalia.