Siku Tisa Nilipomficha Mume Wangu Galbet

Bwana asifiwe! Nasema tena, Bwana asifiwe, maana mwenzenu leo nimesimama hapa mbele. Mchungaji ameniomba mara tatu nishuhudie na mara tatu nimemkwepa. Si kwamba sina la kumshukuru Mungu. Ninalo! Lakini ushuhuda wangu una uongo ndani yake, na uongo wenyewe niliusema mimi.

Kwa wageni, naitwa Kavutha. Kwetu ni Mwingi, ila hapa Garissa nimekaa miaka kumi na moja. Napika katika shule moja ya bweni. Mume wangu ni yule pale karibu na mlango, kwenye kiti cha magurudumu. Anaitwa Mutua. Alikuwa fundi wa mawe, na fundi hasa. Miaka minne iliyopita mbao za jukwaa zilivunjika akiwa juu, akaangukia mgongo, na tangu siku hiyo hajasimama. Mikono ni mizima, akili ni nzima. Miguu, hapana.

Tulikuwa tumepanga chumba kule chini karibu na mto. Hakikuwa chumba cha kujivunia, lakini kilikuwa sawa na ardhi, hakuna ngazi, na kodi tuliimudu. Kisha mto ukafura. Mnakumbuka wenyewe. Alfajiri maji yalikuwa mlangoni, saa tano yamefika kwenye godoro. Tukahamishiwa kwenye mahema kule mwinukoni, tukashukuru kwamba tuko hai.

Ndugu zangu, hema na jua la Garissa! Mtu mwenye miguu hutoka akatafuta kivuli. Mutua alilala palepale, juu ya turubai, jasho likimtiririka mchana kutwa. Kabla mwezi haujaisha akatokwa na kidonda mgongoni, kidonda cha kulalia. Muuguzi alikitazama, akanivuta pembeni. Akaniambia, "Mama, huyu akiendelea kulala hivi, kidonda kitafika kwenye mfupa. Mtafutie nyumba. Usingoje."

Usingoje! Nami nitafute wapi? Waliofurushwa na maji wote walikuwa wanatafuta nyumba, na kodi zilikuwa zimepanda kila mahali. Kila siku nikishamaliza kuwapakulia wanafunzi chakula cha mchana, nilifunga leso nikaanza kutembea. Nilizunguka mtaa wa Iftin wote. Vyumba vilivyokuwepo vilikuwa ghorofani, chini ni maduka. Palipokuwa na chumba cha chini, bei ilikuwa karibu mshahara wangu wote. Nikirudi hemani Mutua alijua jibu kwa kunitazama usoni.

Siku moja nikasema niende naye, wenye nyumba wamwone kwamba ni mtu safi, mtu wa heshima. Nilimsukuma kwenye mchanga mpaka mikono ikavimba. Msimamizi wa nyumba ya kwanza alikitazama kile kiti, akasema chumba kimechukuliwa tangu asubuhi. Ufunguo ulikuwa bado unaning'inia kidoleni mwake! Siku iliyofuata tukajibiwa vivyo hivyo kwingine. Mutua akaniambia, "Kavutha, usinichukue tena. Ukienda na mimi tutakosa."

Alisema kwa huruma tu. Lakini neno hilo lilinikaa moyoni, na shetani hakuwa mbali.

Nikaelekezwa mtaa wa Galbet, kwa mama mmoja mjane anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Wanamwita Mama Sahra, kwa jina la binti yake mkubwa. Alinionyesha chumba kilichojengwa kwenye ukuta wa barabara, ila mlango wake ulifungukia ndani ya ua. Kilikuwa cha chini! Kina choo chake kwa ndani! Aliponitajia kodi nilidhani sijasikia vizuri, maana ilikuwa chini ya ile tuliyokuwa tukilipa kule mtoni. Alisema hatafuti faida kubwa, anatafuta mtu mzuri wa kukaa naye.

"Abaayo," akaniita, ndivyo Wasomali wanavyomwita dada, "kanisa yako si shida. Kabila yako si shida. Lakini bwana yangu alikufa, na hapa iko wasichana wawili. Mwanamume hapana. Wewe unakaa na nani?"

Wapendwa, nilikuwa na muda wa pumzi moja tu. Nilikiona kile kidonda. Nikaiona ile sakafu ya saruji, jinsi ilivyo baridi.

"Peke yangu, mama."

"Beke yako?" akauliza tena, kwa ulimi wao.

"Peke yangu."

Akanipa ufunguo.

Sikumwambia mchungaji. Sikumwambia mtu wa kanisa hili. Kesho yake Mama Sahra alipokuwa sokoni na wasichana wako shule, nilikodi mkokoteni wa punda. Mutua alilala chali, nikamfunika turubai, kando nikaweka kile kiti kimekunjwa, juu sufuria na nguo. Mimi na mwenye mkokoteni tukamwingiza ndani. Yule mtu alinitazama, akachukua nauli yake, akaenda zake. Nikafunga mlango, nikateremsha pazia. Mume wangu wa ndoa, niliyeapa naye madhabahuni, nimemwingiza kama mali ya wizi!

Tukawekeana sheria. Asiwashe redio. Asiongee watu wakiwa uani. Kikohozi kikimjia, akikohoe ndani ya mto wa kulalia. Niliondoka alfajiri, nikamwachia maji na chakula karibu na kitanda. Kila siku saa nne alinipigia simu mara moja ikalia na kukatika, nijue yuko salama. Na kweli kidonda kilianza kutulia, kwa sababu sasa alikuwa na kitanda na niliweza kumgeuza. Lakini mimi nilikuwa nakonda. Kila lilipogongwa lango la chuma, nilichungulia pazia.

Na yule mama alikuwa mwema! Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Jioni alimtuma binti yake mdogo aniletee chai ya maziwa na anjera, ile mikate yao laini. Alisema mwanamke aliye peke yake huwa mvivu wa kujipikia. Jioni moja yule mtoto akasimama mlangoni na sinia, akaniuliza, "Mama Kavutha, ulikuwa unaongea na nani?"

Nikamjibu, "Naomba."

Ndugu zangu, nilitumia maombi kufunika uongo! Tangu hapo nikashindwa kuomba. Nikifumba macho, neno "peke yangu" linakuja kabla ya jina la Yesu.

Siku ya tisa, saa nne ikafika nikiwa jikoni shuleni. Simu haikulia. Nikasema labda amesinzia. Saa nne na nusu, kimya. Nikapiga, haikupokewa. Nikapiga tena na tena. Saa tano mwiko ukanidondoka kwenye sufuria ya maharagwe. Nikamwambia mwenzangu aniangalizie moto, nikakimbia barabarani na aproni yangu, nikadandia bodaboda.

Nilipoingia langoni, wote walikuwa mbele ya mlango wangu. Mama Sahra, wanawake wawili majirani, na kaka yake Mama Sahra, mzee ambaye wale wasichana humwita Abti, yaani mjomba. Mzee alikuwa ameshika nondo.

"Njoo haraka!" Mama Sahra akaniambia. "Ndani iko mtu. Kitu kubwa imeanguka asubuhi, bwaa! Tunabisha, hajibu. Mwizi iko ndani ya nyumba yako. Abti atafunja mlango."

Hata hapo, wapendwa, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema ni paka. Ningesema sufuria zimeanguka, nendeni mkapumzike. Uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza! Lakini mzee aliinua ile nondo, na mimi nikamfikiria mtu aliye upande wa pili wa mlango, ambaye hawezi kukwepa hata pigo moja.

Nikapiga kelele. "Msivunje! Si mwizi! Ni mume wangu!"

Nikafungua kwa haraka, ufunguo ukanitoka mara mbili.

Mutua alikuwa sakafuni, kifudifudi, kile kiti kimemlalia mgongoni. Alikuwa amejivuta kutoka kitandani akakaa kitini, akajinyoosha kuchukua maji, akapinduka nacho. Paji la uso lilikuwa limepasuka na damu imeanza kukauka. Simu ilikuwa chini ya kitanda, hawezi kuifikia. Zaidi ya saa mbili alikaa vile, na watu wako nje ya dirisha wanabisha!

Mzee Abti ndiye aliyeingia kwanza. Aliitupa nondo, akakiinua kile kiti, akamshika Mutua kwapani kama anayemwinua ndugu yake. Mama Sahra alisimama kizingitini, akavuta shungi lake mpaka puani. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza yeye.

"Wewe, kwa nini hukuita? Sisi tuko hapa nje."

Mutua akasema, "Nilimwahidi mke wangu sitatoa sauti."

Mama Sahra akakaa palepale kizingitini. Akaniuliza, "Siku ngapi?"

"Tisa, mama."

"Siku tisa," akasema polepole, "mimi naleta chai ya mtu moja."

Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, mto, hema, kidonda, wale waliotukataa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau. "Mimi nilikataa mwanamume. Mgonjwa mimi sikukataa. Wewe hukuniuliza."

Msifikiri alinisamehe hapo. La! Alisema, "Neno yangu iko palepale. Hii boma ni ya wanawake. Siku ya Jumamosi mtoke." Ilikuwa Jumatano. Akaenda kwake, akafunga mlango.

Siku zile tatu nilirudi kwa Mungu. Nilikwenda kwa mchungaji nikatubu, nikamwambia kila kitu. Sikuomba nyumba. Niliona haya kuiomba. Katika maombi nilisema tu, "Baba, nimekutia aibu mbele ya mwanamke aliyenitendea mema. Nisamehe. Na mwendo wa Jumamosi, utupeleke wewe." Na ndugu zangu, usingizi niliokuwa nimeukosa siku tisa ukanirudia, na bado sikuwa na pa kwenda!

Mzee Abti naye alikuwa akija kila siku kumtazama Mutua na kumbadilishia kitambaa cha kichwani. Walizungumza, na mimi sikusikiliza, nilikuwa nafunga vyombo. Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, nikamwona mzee anapima ule ukuta wa barabara kwa bakora yake. Akagonga hapa, akagonga pale, Mutua anamwonyesha kwa kidole. Kisha mzee akaenda kwa dada yake. Wakasemezana Kisomali muda mrefu, sauti zikapanda. Nikajua wanagombana juu yetu, nikazidi kufunga mizigo.

Jumamosi asubuhi Mama Sahra akaja. Nikaushika ufunguo mkononi nimkabidhi. Hakuupokea. Akakitazama kile kiti cha magurudumu, akauliza:

"Mlango ya hii kiti, upana ngapi inatosha?"

Sikuelewa. Mutua ndiye aliyenieleza. Alikuwa amemwambia mzee kwamba ukuta ule ni imara. Ukitobolewa mlango upande wa barabara, na ule wa uani ukazibwa kwa mawe, chumba kitabaki cha mama lakini hakitakuwa tena ndani ya boma. Mwanamume atakuwa nje ya ua, na neno la mjane halitavunjika!

Haleluya! Nililia, tena kwa sauti. Sikujificha!

Jumatatu ndugu wa kanisa hili mlikuja na nyundo, mzee Abti akaleta wapwa zake wawili, wana wa dada yake mwingine, na mume wangu, ambaye hakuwa ameshika kazi kwa miaka minne, alikaa kwenye kiti chake na timazi mkononi, ile kamba ya kupimia unyoofu wa ukuta, akiwaelekeza. "Shusha kidogo. Hapo. Usiharakishe linta ya juu ya mlango." Wakamjengea mteremko wa saruji mpaka barabarani. Kodi haikuongezwa. Mama Sahra alisimama uani akitazama jiwe la mwisho likiziba ule mlango wa ndani, kisha akazunguka barabarani, akabisha mlango mpya, akaingia na sinia. Safari hii vikombe vilikuwa viwili.

Bado kila ninachomwambia Mama Sahra huniuliza mara mbili, na ana haki. Kidonda cha Mutua kimefunga. Marafiki wa mzee Abti wamekuwa wakimwita aende kukagua kuta zao, naye huenda, anasukumwa na wenyewe.

Ndugu zangu, mtu asitoke hapa akasema Mungu alibariki uongo wa Kavutha. Uongo wangu nusura umuue mume wangu kwa nondo. Mungu alinitoa humo, akanipa mlango mahali ambapo mimi niliona ukuta tu. Namshukuru Yeye. Nawashukuru ninyi, na yule mama wa Galbet ambaye haombi kama sisi, lakini alinitendea kama mtu wa Mungu.

Na wewe ambaye bado uko hemani, au umekataliwa kwa ajili ya kabila lako, watoto wako, ugonjwa wako, usikate tamaa. Mtumaini Bwana, na utembee na ukweli wako wote, hata kama unakusindikiza mpaka kwenye mlango utakaofungiwa. Jirani yetu mmoja ana chumba kitupu cha chini, bei nafuu, naye ameniuliza kama namjua mtu. Anayetafuta anione tukimaliza ibada. Nitakupeleka mwenyewe. Ila tukifika pale, kabla hujauliza kodi, utamwambia unakaa na nani.

Amina.