Injini Aliyoifunga Mume Wangu

Jumanne ya kwanza ya Machi, mwaka juzi, mume wangu alikufa asubuhi, kabla hajanywa chai. Huyo ndiye niliyempoteza. Wanajumuiya wenzangu, mmeniomba nisimame niseme nilivyoupita msiba huo. Mimi si msemaji, nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie. Majina ya watu sitayataja.

Tulikaa Nyakato, wawili tu, watoto wana miji yao. Yeye alikuwa mlinzi wa kiwanda. Alipostaafu akanunua gari, Pijo ya zamani sana, injini imekufa, akasema ataifufua mwenyewe. Fundi hakuwa. Alikuwa amewaangalia mafundi, basi. Akaifungua uani, akaosha vyuma kwa petroli kwenye beseni langu la kufulia, akaifunga tena. Ikawaka! Akanizungusha hadi ziwani na kurudi. Haukupita muda akaugua, akafa.

Msibani watu walisimama kumsifu. Mtu wa mikono yenye baraka, walisema, hajawahi kuharibu kazi. Mimi nilikuwa nimeishi na mtu aliyepigilia kabati la vyombo likaanguka na sahani zote. Kila aliyesimama kusifu alinisogeza mbali zaidi na mume wangu, mpaka yule waliyekuwa wanamzika sikumjua.

Alikuwepo mtani wake, fundi wa gereji, Mzaramo, na mume wangu Mnyamwezi. Akaja kufanya kazi ya watani. Akavaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akatangaza kwamba mtu hazikwi hapa mpaka arudishe spana alizoazima. Watu wakacheka. Mimi nikasimama nikamwambia, vua hilo koti, utoke. Akalivua, akalikunja vizuri, akaondoka. Hakuna aliyecheka tena.

Ndugu zangu, nawaambia, kimya kile niliingia nacho ndani nikaishi nacho. Jumuiya niliacha. Jumapili wenzangu wakienda ibadani, mimi naingia kwenye gari, nakaa kiti changu cha abiria, nanyoosha mkono nawasha. Siendi popote, kuendesha sijui. Nasikiliza tu. Injini ilikuwa inagonga, ko, ko, ko, na kwangu ilikuwa kama yeye yuko uani anagongagonga kitu. Jirani akiniambia, mama fulani, mwite fundi aifungue, ninamjibu vibaya. Ilifungwa na mikono yake. Nani mwingine aiguse?

Mlio ukazidi. Jumapili moja moshi ukajaa uani, chuma kikasaga chuma, ikazima. Nikaelewa kwamba nikiwasha tena itavunjika, na nisipowasha sina hata ile sauti. Nilikaa mle ndani hadi jua likanichoma. Kisha nikaenda kumtafuta yule niliyemfukuza, maana mwingine anayezijua Pijo sikumjua, nikamwomba aje aifungue injini.

"Shemeji!" akasema. "Msibani ulinitoa, leo unaniita nimpasue marehemu?"

"Mpasue," nikamjibu. "Ila mbele yangu."

Akatandaza turubai uani. Oili ilitoka inametameta, imejaa unga wa chuma. Akashusha bakuli la chini la injini, akakuta chujio limezibwa na vipande vya gundi.

"Gundi yote hii? Alikuwa anafunga injini au anaziba mtumbwi?"

Akaanza kutoa beringi, vile vyuma vyembamba vya nusu duara vinavyolaliwa na krenki, kile chuma kirefu kinachozunguka ndani ya injini. Huwa vya kijivu, laini, akaniambia. Hivi vilikuwa vimelika mpaka shaba inaonekana. Akaniwekea kimoja kiganjani. Nikapitisha kidole kwenye michubuko, na nusura nimwambie aondoke tena.

Kingine alipokibandua, nyuma yake kulikuwa na kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi.

"Beringi si saizi yake, ilikuwa inacheza," akasema. "Basi akaichomekea bati."

Akakifuta kwa tambara. Ikatokea rangi ya kijani, na picha ya jani la chai. Jamani, lilikuwa kopo langu la majani! Kopo lile nililitafuta nikagombana na jirani, nikasema wanawe wamelichukua. Mume wangu alikuwa amekaa palepale, akatikisa kichwa, akasema, "Watoto wa siku hizi."

Fundi akakiinua kipande juu. "Mnyamwezi wewe! Injini umeitilia majani! Ndiyo maana ilikuwa inachemka!"

Nikacheka. Sikukusudia. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye turubai, kisha nikalia kama sijawahi kulia tangu Machi ile. Na yule mtani hakuniacha, wala hakuninyamazisha. Aliendelea kumtania polepole, huku anafungua nati. Mume wangu alikuwa amerudi, yule wangu, mwenye kulipua kazi na uongo mdogomdogo.

Namshukuru mtani huyo. Namshukuru jirani, niliyekwenda kumwomba radhi akanikaribisha ugali. Nawashukuru ninyi, mliogonga mlango wangu mara nyingi nisifungue, na bado mkarudi. Nililojifunza ni hili: mfiwa msimwachie sifa tu. Mwambieni na yale mliyogombania na marehemu, na yale yaliyowachekesha. Mimi nilimkosa mume wangu mara mbili kwa sababu niliyafukuza hayo.

Injini ilifungwa upya kwa beringi za saizi yake. Haigongi tena. Siwadanganyi, mwanzoni ukimya wake uliniuma.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, fundi alinipeleka Buhongwa kwa dada yangu. Hatujafika, gari likazima. Geji ya mafuta inaonyesha tenki limejaa. Fundi akaichungulia, akaanza kucheka: mshale mume wangu alikuwa ameubandika pale juu, usishuke. Petroli hakuna hata tone. Kituo cha mafuta kilikuwa mbele kidogo, basi akanihamishia kwenye usukani, akaniambia nishike tu nisifanye lingine, yeye na wanaume wawili wa bodaboda wakaanza kusukuma. Mimi nikamwita mume wangu kwa jina lake na kumgombeza kwa sauti, barabarani, mchana kweupe.

"Mama, unaongea na nani?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Na mume wangu," nikamwambia. "Sukumeni."