Mama Hodi na Wagonjwa Wasiorudi

Ndugu zangu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, tulizaliwa wawili tu, kazi yangu ni kinyozi, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yangu, ingawa mwenyewe angependa wasome watoto wake, kwa kuwa mimi nikianza kuzungumza sikomi, maradhi ya vinyozi wote.

Dada alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji, baba akiwa fundi wa mitambo ya kusokota nyuzi na mama akiwa mshonaji, na tangu nimepata akili sikumbuki kumwona ametulia, kwani saa ya ukutani aliifungua, redio ya baba aliifungua, na siku moja mimi mwenyewe nilifunguliwa kinywa kwa kijiko ili aone sauti inatokea wapi.

Mwaka 1966 bibi yetu mzaa baba, aliyekuwa akiishi nasi, alianguka uani akapooza upande wa kulia, na alipozinduka maneno yalikuwa yamemchanganyikia, kila mtu akawa anamwita "sahani", mimi sahani, mama sahani, hata msimamizi wa kiwanda alipokuja kumjulia hali naye akakaribishwa kwa jina la sahani. Mimi nilicheka mpaka nikafinywa. Dada hakucheka, alishinda na bibi siku nzima akimwonyesha kitu kimoja kimoja, kisha jioni akamfuata baba.

"Baba, bibi anatujua wote. Nikimwonyesha picha ya babu analia, ila akitaka kumtaja anasema sahani. Sasa jina la babu limekwenda wapi?"

Baba akamwambia hayo ni mambo ya madaktari. "Basi nitawauliza," akasema dada, naye alikuwa na miaka tisa.

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani kuanzia 1964 hadi 1970, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana, ambako mwalimu wa biolojia alimwandikia baba kwamba binti ana akili nyingi lakini hamwachi mtu amalize somo, akaingia chuo kikuu mwaka 1977, akahitimu udaktari mwaka 1982, na mwaka 1985 akapata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea upasuaji wa ubongo, akarudi mwaka 1990 akiwa daktari bingwa, amekonda, na ana koti moja zito ambalo hapa kwetu hakupata kulivaa tena.

Aliajiriwa hospitali kuu ya rufaa, kitengo cha upasuaji wa ubongo, ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, madirisha yakitazama sehemu ya kufulia nguo za hospitali, chini ya mtu ambaye sote tulimfahamu kwa cheo chake tu, Profesa, aliyekianzisha kitengo kile kwa mikono yake miwili, na dada alikuwa akisema hajaona mikono mitulivu kama ile, akaifuata kama mtoto anavyomfuata mama sokoni.

Kuhusu ndoa, shemeji yangu aliyeketi hapa mbele alikuwa fundi wa lifti wa hospitali ile ile, na siku moja lifti ilikwama kati ya ghorofa mbili, ndani yupo dada peke yake, shemeji akahangaika kweli kweli mpaka akaufungua mlango, akitegemea kukuta mtu analia au anamtukana, lakini daktari akatoka, akamtazama, akarudi ndani na kumwambia, "Hebu funga tena, nione imekwamaje." Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1993, ambaye leo ni wakili, na kijana mwaka 1996, ambaye ni mpishi, na watu walipomsema dada kwamba hakuna aliyerithi kazi yake, alijibu kwamba mmoja anauliza maswali kwa mshahara na mwingine anakata vitu vizuri, anataka nini tena.

Ndugu waombolezaji, sasa niwaeleze kazi iliyomfanya ajulikane, maana wengi mmesikia habari zake lakini chanzo chake kilikuwa kwenye kiti changu cha kunyolea. Jumamosi alizokuwa na nafasi dada alipenda kuja dukani kwangu, akikaa kwenye benchi la wateja na gazeti asilolisoma, akisema mimi na yeye tunafanya kazi moja, ila mimi naishia mlangoni. Mwaka 1994 nilikuwa namnyoa kijana mmoja, utingo wa lori, aliyekuja na kaka yake, na nywele zilipopungua likatokea kovu lililopinda juu ya sikio. Dada aliinuka akaja kulitazama.

"Kovu hili ni la kwetu," akasema. "Mbona sikuoni kliniki?"

"Nilipona, daktari, nikaacha kuja."

"Ulipona kabisa?"

Kijana akacheka, lakini kaka yake akajibu kwa niaba yake, "Amepona, ila hawezi kwenda dukani peke yake. Anafika njia panda, anakaa chini mpaka tukamchukue."

Wateja wale walipoondoka, dada akaniambia kwamba kule hospitali mgonjwa aliyetoka wodini akitembea, na hakurudi tena, huhesabiwa amepona. "Sasa nieleze, mdogo wangu, asiyerudi amepona, amekufa, au amechoka kuja?" Mimi nilikuwa napangusa mashine, nikamwambia waulizwe wenyewe, nikidhani nimefanya mzaha.

Aliwauliza. Kwa miaka mitatu mwisho wa juma wa familia ile ulikwenda huko, shemeji akiendesha gari, watoto wakilala kiti cha nyuma, na nesi mkuu wa wodi, mama aliyekuwa akikumbuka nyumba za wagonjwa kuliko majina yao, akielekeza pita huku, kunja kule, na dada akibisha hodi mlango baada ya mlango. Wengine aliwakuta wazima wa afya wakimkimbilia kumwonyesha watoto wao, wengine aliambiwa walikwishazikwa, pengine alifungiwa mlango usoni, na karibu nusu ya wale waliohesabiwa wamepona aliwakuta hawajaweza kurudi kwenye kazi zao, kwa sababu ya kusahau, au hasira zisizo na chanzo, au uchovu ambao ndugu waliuita uvivu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambiwa kwamba mambo hayo yanatokana na ubongo wenyewe, kwa hiyo nyumba nyingi zilikuwa zikigombana bure.

Alipopeleka matokeo kwa Profesa mwaka 1997, hayakupokelewa vizuri. "Unataka watu waseme tunaharibu vichwa vyao?" Profesa alimuuliza, na dada akajibu, "Nataka tujue tunachokifanya, Profesa." Wiki iliyofuata jina lake liliondolewa kwenye zamu za chumba cha upasuaji, akapelekwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika ukumbi wenye feni moja, jambo ambalo kila mtu alilielewa kuwa ni adhabu. Alikuja nyumbani kwangu siku hiyo akakaa bila kula, akatazama vidole vyake, akasema anaogopa vitasahau. Mimi nilimshauri aachane na yale makaratasi amwombe mzee radhi, akanijibu kwamba radhi ataomba akionyeshwa alipokosea, na kesho yake akaenda kufundisha, na haikuchukua muda wanafunzi wa mwaka wa tatu wakawa wanatoroka vipindi vyao kwenda kukaa sakafuni kwenye ukumbi wa mwaka wa kwanza.

Profesa alikuwa na mgonjwa mmoja aliyemjivunia kuliko wote, mwalimu mkuu wa shule aliyevunjika fuvu katika ajali ya gari, ambaye picha yake ilitundikwa ofisini kwa Profesa, na dada alipomwomba waende pamoja kumtembelea, mzee alikubali, nadhani kwa nia ya kumaliza ubishi. Mimi niliwapeleka, kwa kuwa mwalimu yule nilikuwa nikimnyoa nyumbani kwake. Tulimkuta sebuleni, shati limepigwa pasi, akasimama, akamsalimia Profesa kwa heshima zote, akamshukuru kwa Kiswahili cha darasani kilichonyooka, na Profesa akamtupia dada jicho la ushindi. Kisha mke wa mwalimu akaingia na sinia la chai, na mwalimu akapokea kikombe, akamwambia mkewe, "Ahsante sana, mama, usijisumbue," kama mtu aliyekwenda ugenini.

Profesa akamuuliza yule mama mgonjwa anaendeleaje.

"Anakula, anatembea, haumwi popote," akasema. "Ila huyu alikuwa mtu wa mzaha, Profesa, nyumba nzima ilikuwa inacheka. Tangu atoke kwenu hajacheka hata siku moja, na watoto wamemzoea kama mpangaji. Mlinirudishia mtu mzima, nashukuru. Lakini yule niliyemleta sijamwona tena."

"Kwa nini hukuja kutuambia?"

"Nilikuja. Mkaangalia kidonda, mkasema kimefunga vizuri."

Profesa alikunywa chai yake yote, polepole, na ndani ya gari, tulipokaribia geti la hospitali, akamuuliza dada amewakuta wangapi wa namna ile, akaambiwa. "Chapisha," akasema. "Jina langu liweke la pili." Na Jumatatu jina la dada likarudi kwenye zamu.

Utafiti ule ulichapishwa mwaka 1999, hospitali ikafungua kliniki ambamo mgonjwa huja na watu wa nyumbani kwake, nao huulizwa kwanza, na dada akaanzisha utaratibu wa kila mwanafunzi kukabidhiwa mgonjwa mmoja na kumtembelea kwao kwa mwaka mzima, wanafunzi wakanung'unika wakauita somo la kubisha hodi, na yeye wakamwita Mama Hodi, jina alilolipenda kuliko uprofesa aliopewa mwaka 2006. Si kila alichokitafuta alikipata, kwani dada alimhudumia mwalimu mkuu yule mpaka alipofariki na hakupata njia ya kumrudishia kicheko chake, lakini alimfundisha mkewe kwamba mumewe hakuacha kumpenda kwa makusudi, na mama yule yupo nasi hapa leo.

Alistaafu mwaka 2019, akaendelea kufundisha, na Oktoba 2022 alianza kupungua mwili, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Daktari aliyempa majibu alikuwa mwanafunzi wake, na dada alinisimulia kwamba kijana yule alizungumza na ukuta kuanzia mwanzo hadi mwisho, hivyo alipolazwa akaomba wanafunzi wa mwaka wa mwisho waletwe kitandani kwake mmoja mmoja, wafanye mazoezi ya kumwambia kwamba hatapona. Mimi nilikasirika, nikamwambia hilo si jambo la kuchezea. Akaniambia, "Wataanza kwa nani, kwa mtu ambaye hajui?" Nilikaa kwenye kona nikasikiliza, na binti mmoja alisimama mlangoni, faili kifuani, akaanza kusema haraka haraka, na dada akamkatiza, "Njoo ukae kwanza. Habari hii haisemwi na mtu aliyesimama." Binti akakaa, akaanza upya, sauti ikakatika, na dada akangoja bila kumsaidia, mpaka binti mwenyewe akamshika mkono na kuyasema maneno yote, akimtazama. "Hivyo," akasema dada. "Sasa niulize nyumbani nina nani."

Alifariki tarehe 17 Mei 2023, asubuhi, nyumbani kwake, shemeji akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi aliyolazwa, majirani walioshika nyumba wakati sisi tumeduwaa, walimu wenzake na wanafunzi wake wa miaka yote, na kwa namna ya pekee ninyi mliomfungulia mlango alipobisha bila kuitwa. Siku mbili kabla hajafariki nilikwenda kumnyoa, akafumba macho nikadhani amelala, kumbe anafikiri, akaniuliza hivi nywele za mtu aliyelala huota upesi kuliko za aliye macho, nikamjibu sijui, akaniambia miaka yote hiyo unashika vichwa vya watu na hujatafuta. Sijatafuta bado, dada. Nitatafuta. Wewe sasa tulia, upumzike kwa amani.