Mama Severa Mchopa, Mjumbe Aliyewapekua Wapekuzi

Ndugu waombolezaji, marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, usizidi ukurasa mmoja, kwa sababu jua la makaburini halina huruma na watu watakuwa na njaa. La pili, usitaje jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitangaza. Agizo la kwanza limetushinda, mtatusamehe. La pili tumejitahidi. Anayesoma ni mimi Beno Mchopa, mdogo wa mume wake, na kwa kuwa mimi ni shemeji, nikimtania kidogo msishangae. Yeye alinitania zaidi ya miaka hamsini.

Marehemu Severa Nampoto alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951 huko Ndanda, Masasi, mkoani Mtwara. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache. Nyumba yao haikuwa na milango ndani, lakini marehemu alipenda kusimulia kwamba baba yake hakuwahi kukaribia chumba cha mabinti bila kukohoa kwanza. Wakati mwingine alikohoa mpaka mkewe akamchemshia dawa ya kifua.

Alisoma katika shule ya misheni hapo hapo Ndanda na kumaliza darasa la saba mwaka 1967. Mwalimu wake aliwaambia wazazi kwamba Severa anajua kusoma, anajua kuhesabu, na anajua habari za darasa zima. Mwaka 1970 alikuja Dar es Salaam kwa shangazi yake, Magomeni, akaanza kuuza korosho za kukaanga Kariakoo. Meza yake ilikuwa Mtaa wa Sikukuu. Nani kafilisika, nani kaongeza mke, nani kahama usiku bila kulipa kodi, yote yalipita pale mezani pamoja na korosho. Tuseme ukweli mbele ya jeneza: shemeji yangu alikuwa mmbea, na mwenyewe hakukataa.

Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa takatifu na kaka yangu, Vitalis Mchopa, kanisani Magomeni. Vitalis alikuwa karani wa kupanga barua pale Posta. Kwa mke mwenye tabia niliyoitaja, hiyo ilikuwa neema kubwa, au ndivyo alivyodhani. Kuna jirani yao mmoja alikuwa akipokea barua kila mara kutoka Tanga, na Severa akataka kujua ni za nani.

"Sijui," Vitalis akamjibu.

"Hujui au husemi?"

"Sisemi."

Akamnunia. Kaka yangu akala maharage yasiyo na chumvi siku kadhaa bila kulalamika. Mwishowe akamwambia mkewe hivi: "Severa, kabla hatujaoana zilikuwa zinapita mkononi mwangu barua zako kutoka Ndanda, za yule mwalimu aliyekuwa akikutaka. Niliwajua wote wawili, aliyeandika na aliyeandikiwa. Nilitamani kuzifungua mpaka vidole vikawa vinawasha. Sikufungua hata moja." Marehemu alisema alicheka, kisha akaona haya, kisha akaenda kutia chumvi. Tangu hapo alijiwekea mpaka wake. Ya barazani aliyasema yote na mengine akayaongezea, lakini ya nyuma ya pazia la mtu hakuyagusa.

Mwaka 1984 walijenga nyumba yao Magomeni Mikumi, vyumba sita, viwili vyao na vinne vya wapangaji. Kwa joto letu hili milango ya vyumba ilishinda wazi mchana kutwa, na kila mlango ulikuwa na pazia. Sheria ya nyumba ilikuwa fupi: piga hodi, na ukipiga mara tatu bila kuitikiwa, geuza urudi ulikotoka. Hata mwenye nyumba anayedai kodi aliifuata. Vitalis alitutoka mwaka 2009, na mkewe akabaki na nyumba, meza ya korosho, na kazi aliyokuwa amechaguliwa tangu mwaka 1991, ya mjumbe wa nyumba kumi.

Wengi mnajua kwamba polisi wakija kupekua nyumba humwita mjumbe awe shahidi. Wajumbe wengine huja na kandambili, husimama mlangoni wakipiga miayo, na jambo limekwisha. Yeye hakuwa hivyo, na kuna familia hapa leo inayoshukuru kwa hilo. Wameomba wenyewe lisimuliwe, na afande mhusika ameridhia, kwa hiyo agizo la pili halijavunjwa.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi Machi 2014. Duka moja la simu Kariakoo lilikuwa limevunjwa na simu kuibwa. Mpangaji wetu Seifu alikuwa akiuza makava ya simu nje ya duka hilo, basi hilo likatosha kumtilia shaka. Askari wawili waliovaa kiraia wakaja Magomeni. Mke wa Seifu, Mwanamize, alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, amelala kitandani. Mimi nilikuwa barazani nakunywa chai ya bure, nikawafuata hadi ukumbini na kikombe mkononi. Marehemu alikuwa uani anakaanga korosho, na alipoingia ukumbini alimkuta askari kijana ameshika pazia la Seifu, mguu mmoja umeshaingia ndani.

"Wewe baba, nani kakukaribisha?"

"Ah, mama mjumbe, afadhali umekuja. Tunapiga sachi hapa. Simama ushuhudie."

"Nitashuhudia. Kwanza toa mguu."

"Mlango ulikuwa wazi, mama. Hili ni pazia tu."

"Pazia ndiyo mlango wao. Humo ndani kuna mwanamke kalala. Angekuwa mkeo, ungependa mtu aingie alikolala hivyo?"

Mkubwa wao, Afande Elimringi, mtu mrefu na mtulivu, akamwambia mwenzake arudi nyuma. Kisha akapiga hodi. Seifu akaitika karibuni kwa sauti ambayo hata sisi tuliomzoea hatukuitambua. Nadhani tulifikiri mambo yamekwisha, lakini marehemu alikuwa ameshakwenda uani na kurudi na ungo, akauweka sakafuni mbele ya pazia.

"Kabla hamjaingia, mifuko. Mimi nikiitwa mahakamani niseme kitu kimetoka chumbani humu, lazima niwe najua hakikuingia na nyinyi."

"Askari akaguliwe na raia?" Yule kijana alipandisha sauti. "Bi mkubwa, unajua unachofanya? Tutakuweka ndani wewe!"

"Niweke. Lakini mifuko kwanza."

Seifu alikuwa ametoka kusimama kando ya pazia, shati limelowa jasho. Kila mtu pale alijua kinachoweza kutokea: simu moja tu ikionekana chini ya godoro, hakuna wa kumsikiliza tena, atakwenda mahabusu, na mtoto atazaliwa baba yake akiwa nyuma ya nondo. Mwanamize alikuwa anasikia yote kutoka kitandani.

Afande Elimringi akainama, akatoa vya kwake, kimoja kimoja. Funguo. Simu. Leso. Halafu pakiti ya vidonge, imekunjwa pamoja na karatasi ya hospitali. Shingo zetu zikarefuka, yangu ikiwa ya kwanza. Marehemu aliiona ile karatasi kabla yetu, akaifunika kwa ncha ya kitenge chake.

"Hii haihusiani na kesi, afande. Rudisha mfukoni."

Afande akairudisha. Zamu ya kijana ilipofika, akasema amesahau kitu kwenye gari. Alitoka, na hakurudi mpaka upekuzi ulipokwisha. Mtaa mzima ulikisia alikuwa na nini mfukoni, mimi nikiwemo, na kwa sauti kubwa. Marehemu peke yake alikataa. "Sikumwona na kitu, siwezi kusema alikuwa na kitu. Mfuko wake ni wake." Yaani mmbea yule yule wa Mtaa wa Sikukuu alipewa habari tamu kuliko zote maishani mwake, akaiacha ipite.

Alimfunika Mwanamize khanga na kumkalisha kwenye kigoda, ndipo Afande akaingia, mmoja tu, na marehemu pembeni yake. Walinyanyua godoro, wakafungua sanduku la vitenge na mfuko wa nguo za mtoto. Yalipatikana makava ya simu, hayana simu ndani. Afande akasema hakuna kitu, akaaga vizuri, akaondoka. Marehemu alimsindikiza hadi barazani kwa madaha yote, akarudi ukumbini, na hapo akakaa chini sakafuni.

"Beno, nipe maji. Nilikuwa nakufa kwa woga."

Tulicheka sote mpaka machozi yakatoka, Seifu akicheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kuona nyumba inashusha pumzi kama siku ile. Wezi wenyewe walikamatwa baadaye upande mwingine wa jiji, na Mwanamize akajifungua mtoto wa kiume, Mazin, baba yake akiwa nje ya wodi anasumbua wauguzi.

Marehemu alianza kuumwa mwanzoni mwa mwaka 2023. Desturi ni kutaja ugonjwa, na naona kuna watu wamekaa mkao wa kusikia. Hautatajwa. Mimi mwenyewe nilipomuuliza alinijibu, "Shemeji, huo ni wangu na daktari," na alipokuwa tayari alimwambia binti yake Violeth peke yake, ambaye alimuuguza kwa moyo na hajafungua mdomo hadi leo. Ninachoruhusiwa kusema ni kwamba aliteseka sana, na miezi ya mwisho tulikuwa tunasali ama apone ama apumzishwe. Alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 9 Februari 2025, katika chumba chake Magomeni, mkono wake ukiwa mkononi mwa Violeth. Tulilia, lakini ndani ya kilio kulikuwa na nafuu, na hatuoni haya kuisema. Maumivu yamemwacha. Ahsante Mungu.

Ameacha watoto watatu, Violeth, Bryson na Angelina, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, wapangaji wake wa vyumba vinne, na shemeji mmoja msumbufu.

Naomba niongeze moja la juzi jioni, kisha tumzike. Msibani hakuna anayebisha hodi, mlango ni wa wote, watu huingia na kutoka. Juzi alifika mzee mrefu anayetembea kwa mkongojo, akasimama nje ya mlango uliojaa viatu, akasema, "Hodi." Alikuwa Afande Elimringi, siku hizi ni mstaafu. Watoto wakatazamana, kwa sababu mwenye sauti ya kuitikia ndani ya nyumba ile alikuwa hayupo. Seifu alikuwa anapanga viti. Akavitua chini, akamtazama yule mzee, akamtambua.

"Karibu, mzee wangu," akasema. "Pita ndani."

Na Mungu amwitikie Severa hivyo hivyo, apumzike kwake kwa amani.