Jogoo Aliyewika Saa Nne za Usiku

Benchi la Keko lilikaa kati ya karakana ya Salumu Randa na ua wa tajiri wa mbao, na kila baada ya alasiri Jamali muuza kahawa alitua dele lake hapo. Juma lile kahawa haikuwa na raha. Watu walikunywa wamenuna, neno moja tu likageuka ugomvi. Chanzo kilikuwa jogoo wa Salumu, ambaye tangu Jumapili alikuwa akiwika saa nne za usiku, akarudia saa sita, akarudia tena saa nane. Jogoo kuwika usiku mchanga ni uchuro, na dawa yake ni kisu. Salumu hakutaka kusikia habari ya kisu. Jogoo yule aliletwa kikapuni na mama yake Salumu kutoka Lindi angali kifaranga, na mama mwenyewe hakumaliza mwaka. Kilichobaki cha mama kilikuwa kile chenye mabawa.

Siku hiyo Marijani, jirani yake wa ukuta mmoja, alifika akakataa hata kukaa.

— Salumu, mwanangu leo siku ya tatu ana homa. Kwinini keshameza, homa haishuki. Huyo jogoo wako anamwita nani?

Salumu alijibu kwamba jogoo haiti watu, jogoo huita jua.

— Basi hilo jua la saa nne za usiku ni lako peke yako?

Didas Gazeti akaingilia. Alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali, na kila alichokisikia mlangoni mwa wakubwa alikifikisha bencheni kikiwa kimeongezeka uzito.

— Jogoo hana kosa. Dunia ni mpira, inazunguka. Upande ulioelekea jua ndio mchana, uliolipa kisogo ndio usiku. Sasa tangu vita viishe wakubwa wameizidishia mwendo, ili sie tufanye kazi zaidi. Usiku umekatwa. Kwani nyie hamjioni mmechoka?

Walijiona. Ndiyo maana hakuna aliyembishia upesi. Salumu alipomuuliza dunia inaongezwaje mwendo, Didas alisema hiyo ni siri ya ofisi.

Romani Patasi, mchonga vinyago kutoka Masasi, alitema mate pembeni.

— Mpira gani huo watu wasidondoke? Jua likizama Pugu linapita chini ya ardhi, alfajiri linatokea baharini. Jogoo analisikia joto kwa nyayo. Huyu analisikia mapema kwa sababu ardhi ya hapa imekuwa nyembamba.

— Nyembamba kwa nini?

— Inachimbwa. Mnajua wenyewe mtu akiugua asipone ardhini huchimbwa nini.

Marijani alirudi nyuma hatua moja. Romani aliona alichosema, akataka kukiziba kwa methali, akakipasua zaidi.

— Na wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu wa shamba, yuko mjini, na anawika. Basi huyo si jogoo.

Hasira zilimpanda Salumu mpaka masikio yakamwasha. Alitaka kuwatukana wote watatu, lakini alipomtazama Marijani aliona baba aliyeingiwa na hofu, na hofu ya baba haijibiwi kwa maneno. Akaenda bandani, akamtoa jogoo, akamlaza kibla, akapiga bismillahi. Damu ikatiririka hadi miguuni mwa benchi.

— Haya. Mtoto apone. Asipopona mtamchinja nani, mie?

Jamali aliinamisha dele, yakatoka machicha.

Jua lilikuwa limeshazama alipotokea mwanamke amebeba sanduku, akawaamkia shikamoo, wakamwitikia. Jina lake Kokuberwa, mkunga, amekuja kutazama chumba cha kupanga nyumbani kwa Romani. Wakati huohuo mlinzi wa tajiri aliwasha taa ya umeme juu ya mlingoti wa ua. Mwanga ukamwagika juu ya benchi, ukapenya kila mwanya wa banda la kuku, ukaingia kwenye madirisha ya nyumba zote za mtaa. Kokuberwa alikinga macho kwa kiganja.

— Hii inazimwa saa ngapi?

Jamali akamwambia haizimwi. Iliwekwa Jumapili, inalinda mbao mpaka asubuhi.

— Na nyie mnalalaje?

Didas alifikicha macho yake mekundu. Marijani aligeukia dirisha la chumba alicholala bintiye, ambalo lilikuwa limejaa mwanga kama mchana. Salumu alikumbuka kwamba siku mbili mfululizo alikurupuka usiku akidhani kumekucha, akatawadha, akakaa kungoja adhana isiyokuja. Jumapili. Wote waliiona ilipowekwa, na juma zima hakuna aliyeitaja.

Romani alisema kwa sauti ya chini kwamba tajiri ndiye anayewapa mbao.

Salumu aliokota kisu, akamkabidhi Marijani kwa upande wa mpini, na kwa kidevu akamwonyesha mlingoti.

— Na ile pale haijalala tangu Jumapili. Kailaze kibla.