Mzee Levi Wekoye na Litungu Kumi na Nne za Kapsokwony

Ijumaa tarehe 31 Julai 2026, saa kumi jioni, Mzee Levi Wekoye atafunga sanduku lake la patasi na kustaafu kutoka Karakana ya Nyuzi Saba hapa Tuwan, Kitale, baada ya miaka thelathini na miwili na miezi mitano ya kuchonga mbao, kuwamba ngozi na kufunga nyuzi. Saa kumi ni saa iliyowekwa na ofisi. Wanaomjua Mzee Levi wanajua kwamba sanduku hilo huenda likafungwa Jumatatu.

Mimi ni Dinah Nelima, karani wa mapokezi tangu mwaka 2007. Kwa kazi hiyo nimezipokea sifa zote za Mzee Levi na malalamiko yote juu yake, mara nyingine kutoka kwa mteja yule yule katika simu moja. Meneja wetu, Bwana Nderitu, aliniomba niandike wasifu huu uwe mfupi na mtamu. Mzee Levi mwenyewe akanifuata mezani akaniambia nikimpaka asali hatakanyaga kwenye sherehe. Nimejaribu kuwaridhisha wote wawili, lakini anayestaafu ni mmoja.

Alifika hapa Machi 1994 kutoka kijijini kwao nje ya mji wa Bungoma, akiwa na patasi mbili na litungu, kile kinubi chetu cha nyuzi saba, aliyoichonga mwenyewe. Wakati huo karakana ilitengeneza madawati na majeneza. Walimpa kazi ya majeneza. Inasemekana kwamba katika juma la pili fundi mkuu alimkuta ameketi juu ya jeneza la mteja akicheza ile litungu, na mafundi wengine wameacha kazi wanasikiliza. Badala ya kumfukuza, walimpa pembe yake mwenyewe katika banda. Miaka minne baadaye majeneza yalikwisha kabisa na karakana ikabadilisha jina.

Tangu hapo ametengeneza litungu zaidi ya mia saba, na ngoma ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu. Zimekwenda Lwakhakha na ng'ambo ya mpaka, zimepanda Mlima Elgon, zimeingia makanisani, shuleni na kwenye harusi. Mwaka wa tohara ukifika, wateja walipanga foleni hadi barabarani. Alichonga kwa mti wa mringaringa, na gogo lililokaa chini ya miaka mitatu hakuligusa. Ngozi aliichagua kwa kuipiga ukucha na kuisikiliza. Litungu yake nzuri ilipopigwa, hata watu wa benki waliopita na mafaili yao walisimama.

Sasa upande wa pili. Wateja walimwita Wiki Ijayo, kwa kuwa ndilo jibu alilowapa wote. Kuna kanisa liliagiza ngoma ya Pasaka, likaipokea Pentekoste. Mchungaji alipiga simu kunigombeza, nikamwambia ngoma imechelewa ili Roho Mtakatifu naye apate yake, akacheka akakata simu. Kuna mwenye hoteli aliyetaka litungu ya kutundika ukutani. Mzee Levi alimwambia kama ni pambo anataka, akanunue kalenda. Mheshimiwa mmoja alitaka litungu yenye rangi za chama chake, na huyo sitasema aliambiwa nini kwa sababu kuna watoto hapa.

Halafu kulikuwa na nta. Mzee Levi akishapatanisha nyuzi zote saba, alikuwa akiyeyusha nta ya nyuki na kuifunika kila fundo lililoshika uzi kwenye mti wa juu. Agizo lake lilikuwa moja: nta ikivunjwa, usinirudie. Hakutaka mtu mwingine apatanishe nyuzi zake, hata kama ni mwanamuziki wa miaka hamsini. Watu wakaizoea nta hiyo, wakaipenda. Mwalimu akiona nta ya Wekoye, alijua hana haja ya kuuliza. Waswahili walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi sote tulimsifu mgema huyu, na mimi nikiwa mbele.

Kuanzia kama mwaka 2021, masikio yake yalianza kuondoka. Redio yake ya kazini ilisikika hadi kwa fundi wa pikipiki ng'ambo ya barabara, ambaye alisema hana haja ya kununua yake. Wateja wakaanza kurudisha ala, polepole na kwa adabu, wakisema labda ni baridi au ni barabara mbaya. Kutoka litungu arobaini kwa mwaka tukashuka hadi kumi na moja. Kila mtu katika karakana alijua sababu, isipokuwa aliyezifunga nyuzi.

Juni 2023 shule moja ya upili kule Kapsokwony ilichukua litungu kumi na nne kwa ajili ya tamasha la muziki mjini Bungoma. Ajabu ni kwamba siku hiyo zilikuwa zimefika mapema. Mchezaji wa mbele alikuwa msichana wa kidato cha nne anayeitwa Cheptoo, mtoto wa mkulima wa viazi na vitunguu, aliyejifunza litungu kwa jirani na kuwapita wavulana wote. Shule ilipanda jukwaani ikiwa na nafasi nzuri ya kuingia mashindano ya taifa. Litungu kumi na nne zilipolia pamoja, kila moja ilikuwa na habari yake. Walikuwa wa tisa kati ya shule tisa.

Mzee Levi alikuwapo kama mgeni wa heshima, na alipopewa kipaza sauti alisema maneno haya, nami ninayaandika kwa idhini yake: "Litungu zangu ziko sawa. Shida ni huyo msichana wa mbele. Hizo ni vidole za kuchimba viazi." Uwanja mzima ulicheka. Nami nilikuwa uwanjani, na nilicheka.

Cheptoo hakugusa litungu tena. Alimaliza mtihani wake Novemba, akarudi kwa baba yake shambani.

Mtauliza kwa nini hatukumwambia mzee. Mngemwambia nyinyi? Nusu ya mafundi hapa amewafundisha kushika patasi. Mimi ni rika la binti yake, na kwetu mtoto hamwambii baba kwamba masikio yake yameisha. Bwana Nderitu aliandika barua mara tatu na kuichana mara tatu. Mwishowe nikamweleza kitu ambacho yeye, kwa kuwa ametoka mbali, hakukijua: kwa Wabukusu, neno kama hilo lina mtu wake. Wanaume waliotahiriwa msimu mmoja huitana bakoki. Bakoki anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, umejiaibisha wewe.

Mzee Levi alitahiriwa Agosti 1976. Tulimtafuta bakoki wake tukampata Lwakhakha, Mzee Wanyonyi, muuza vitunguu mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa mpaka. Tulimweleza shida yetu. Akaja Jumatano moja ya Januari 2025, akasalimia watu wote isipokuwa mwenyewe aliyemfuata, akaichukua litungu iliyokuwa imetoka tu kufunikwa nta, akaipiga nyuzi zote saba.

"Levi bana," alisema kwa nguvu, ili asikike, "hii kitu ni ya kufukuza nyani kwa mahindi. Si masikio yako imekufa? Imekufa, lakini ni watu wengine unazika. Si wewe ndio uliharibu hao watoto ya Kapsokwony, halafu ukasema ati ni msichana?"

Mzee Levi alicheka, kama desturi inavyotaka. Alicheka vizuri, akampiga Wanyonyi begani, akaagiza chai. Katikati ya kikombe kicheko kikamwishia. Aliingia ghala la mbao, mahali tulipoweka litungu tatu zilizorudishwa kutoka Kapsokwony ambazo hakuwahi kukubali kuzitazama, akafunga mlango. Tulimsikia akipiga uzi mmoja mmoja. Kiplangat, fundi wetu wa ngoma, alichungulia akamkuta ameuegemeza mti wa litungu kwenye taya lake, macho amefumba. Sikio lilikuwa limekataa, lakini mfupa bado ulikuwa unamletea sauti. Alitoka saa moja baadaye akatuambia uzi wa pili na wa tano ulikuwa umepotoka katika zote tatu, na kwamba mikono iliyozifunga ni yake.

Juma lililofuata alikwenda kupimwa masikio, na daktari akamwambia kile ambacho Wanyonyi alikuwa amekwisha kumwambia. Kisha akaniomba nimsindikize Kapsokwony. Alihitaji mtu wa kumsikilizia majibu. Tulipanda kwa pikipiki mbili, na kwenye mwinuko wa mwisho nilimwahidi Mungu mambo mengi ambayo bado sijayatimiza.

Tulimkuta Cheptoo jikoni akimenya viazi. Baba yake alituletea viti. Mzee Levi alikataa kuketi. Alisema kosa lilikuwa lake, kwamba zile nyuzi alizifunga vibaya, na kwamba alimtukana mtoto wa watu kwa jambo ambalo hakulifanya. Alisema pole.

Cheptoo aliweka kisu chini. "Mzee, mimi nilijua," alisema. "Hiyo kamba ya tano nilisikia siku ya kwanza. Nikaambia mwalimu tuvunje nta nirekebishe. Akasema mimi ni nani nikosoe Wekoye." Nilimrudia Mzee Levi maneno hayo karibu na sikio, moja moja, na kila neno lilikuwa zito mdomoni mwangu. Kisha msichana akaendelea: "Asante kwa kuja. Lakini kuniambia hapa kwa jikoni haisaidii. Ulisema mbele ya watu. Si urudishe mbele ya watu?"

Baba yake alitaka kumkanya. Mzee Levi akamzuia kwa mkono, akasema mtoto ana haki. Tulikunywa chai, tukapewa gunia la viazi, tukashuka.

Tangu siku hiyo hajapatanisha uzi hata mmoja wa mteja. Alimkabidhi Kiplangat kazi hiyo na akaitupa nta yote. Alichonga tu, na niseme ukweli, alichonga vizuri kuliko miaka kumi iliyopita. Litungu kumi na moja za Kapsokwony ambazo hazikuwa zimerudishwa alizifuata mwenyewe, moja moja, akiomba radhi kila alipozikuta. Amezipata zote. Wateja wapya alikuwa akiwaambia mlangoni, kabla hawajauliza bei, kwamba yeye ni fundi asiyesikia. Wengine waliondoka kwenda kununua vinanda vya umeme Bungoma. Wengi walibaki, na mwaka jana tulifikisha litungu ishirini na sita, nyingine zikiwa zimekamilika siku ile ile tuliyoahidi. Ofisi ilidhani ni kosa la kalenda.

Jina lake halikurudi lilivyokuwa. Wapo Bungoma ambao wakisikia Wekoye bado hutikisa kichwa, na wana sababu. Wapo wanaolala wakisikiliza ala zake, nao pia wana sababu. Mimi nimekaa naye miaka kumi na tisa na ninampenda kwa yote mawili, ingawa la kuchelewa limenizeesha.

Bwana Nderitu aliposoma rasimu ya wasifu huu, aliomba niondoe habari za Kapsokwony, kwa kuwa sherehe ni sherehe. Mzee Levi alimjibu kwamba amekwenda mahali pengi kutafuta watu wa kutosha wa kuwaambia, na hapatakuwa na siku nyingine atakayopata mia mbili walioketi na kunyamaza, wengi wao wakiwa ndio wale waliocheka Bungoma. Sherehe ikiwa ni yake, alisema, basi hilo ndilo analotaka kupewa. Saa na blanketi mnaweza kumpa pia, hatakataa.

Kwa hiyo ninaandika kama alivyoniagiza, na msomaji wa programu ataombwa kulisoma hili kwa sauti, akiwa amesimama: Mwezi Juni mwaka 2023, mjini Bungoma, aliyekosea ni Levi Wekoye. Cheptoo alicheza sawasawa.

Cheptoo amealikwa, na amekubali kuja pamoja na baba yake. Hatukumwomba acheze, na tunawasihi wageni wenye mapenzi mema wasimwombe. Anakuja kusikia.

Mzee wetu, asante kwa ngoma na litungu, kwa vicheko, na kwa kutuonyesha jinsi mtu mzima anavyorudi nyuma kuokota neno lake mwenyewe. Msalimie Mama na wajukuu. Mahindi yako yazae, ng'ombe wako wasikupige teke, na Mzee Wanyonyi asikuache upumzike hata siku moja. Tunakutakia maisha mema na marefu, Baba. Sasa simama, ugeuke, uwatazame watu, kwa sababu hutasikia wakipiga makofi.